Embe Lililochujwa Mara Tatu

Mwezi uliopita mwenzangu wa chumbani alifaulu mtihani aliokuwa ameurudia, akatualika watu watano tukale chakula cha Kichina. Sote tunasoma hapa Braamfontein, na sote tulikuwa na ile njaa ya mwisho wa muhula. Tulipomaliza kula, mhudumu akaleta vibakuli vya pudini ya embe, njano tupu, imetoka kwenye friji muda uleule, na juu yake maziwa ya kopo yamemwagwa kidogo. Wenzangu wakachota huku wanacheka. Mimi harufu ya yale maziwa ilinifikia kabla sijagusa kijiko, nikajikuta nimekunja ngumi chini ya meza, ninamtazama koo kila aliyekuwa akimeza.

"Wewe huli?" mwenzangu akaniuliza.

"Nimeshiba," nikasema. Sikuwa nimeshiba.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Troyeville, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao ikawa vyumba sita, na chetu kilikuwa cha nyuma kabisa, chini ya bati. Papa alikuwa mlinzi kwenye ghorofa moja la Hillbrow. Mama aliosha vyombo na kukata mboga katika mkahawa mmoja kule Cyrildene, kwenye mtaa wa Wachina. Wote wawili walitoka Uvira, kule Kongo. Mimi nilizaliwa hapahapa, Kiswahili nikikisikia nyumbani na Kizulu na Kiingereza nikivizungumza kila mahali pengine.

Ijumaa moja Mama alinituma mkate kwenye spaza, kiduka cha kona. Mtu mmoja mwenye kofia nyekundu alikuwa ameegemea friji ya soda. Akaniuliza kama mimi si mtoto wa yule sekyuriti Mkongo. Nikasema ndiye mimi. Akaniuliza baba yangu hurudi saa ngapi. Kuulizwa habari za Papa na mtu mzima kulinijaza fahari, nikamjibu kila kitu. Hurudi saa kumi na mbili jioni, hupita chini ya daraja la reli, na amenunua simu mpya. Nikampimia na ukubwa wake kwa mikono. Yule mtu akacheka, akasema, "Sharp," yaani poa, akaondoka.

Jumatatu, saa kumi na mbili ilipita, Papa hajarudi. Alikuwa amepigwa tofali usoni chini ya lile daraja, na simu ikachukuliwa.

Aliporudishwa kutoka hospitali baada ya siku nne, taya lilikuwa limevunjika mahali pawili. Walikuwa wamefunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya, wakasema yakae hivyo wiki sita. Siku tulipokwenda kumchukua, muuguzi alimpa Mama mkasi mdogo wa waya, wenye mikono ya plastiki ya kijani.

"Huu usikae mbali naye hata mara moja," alisema. "Akitapika au akipaliwa, kwanza ainame mbele. Ikishindikana kupumua, kata hizi nne. Mbili upande huu, mbili upande huu." Akagusa shavu la Papa kwa kidole, kulia, kisha kushoto. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya Mama na kitanda. Nilikitazama kile kidole kama mtu anayejifunza njia ya kurudi kwao. Tulipofika nyumbani Mama akapiga msumari ukutani kando ya kitanda, akautundika mkasi kwa kamba ya kiatu.

Kuanzia siku hiyo Papa hakusema. Nilijua kwamba hawezi kusema. Nilielezwa, na waya niliziona. Lakini mtoto mwenye hatia hasikii maelezo. Kila nilipoingia chumbani wakati wa chakula, alinitazama mara moja kwa macho yaliyovimba, kisha akageukia ukuta. Hakumpa Mama mgongo. Hakumpa mgongo Mama Divine, Mrundi wa chumba cha pili, alipokuja kumjulia hali. Alinipa mgongo mimi tu. Nikajua kwamba anajua. Nikajua anasubiri tu zile wiki sita ziishe, waya zikatwe, aseme mbele ya watu wote ni nani aliyemwuza.

"Mama, juu ya nini Papa hapendi kuniangalia?" nilimwuliza siku moja.

"Iko na maumivu, mwanangu. Muache."

Halafu kulikuwa na daftari. Papa alikuwa akimwandikia Mama mahitaji yake kwenye kurasa za mwisho za daftari langu la zamani la hesabu. Aliandika Kifaransa, kwa sababu ndicho alichosomea. Kiswahili hakuwahi kukiandika maishani mwake. Mimi Kifaransa sikukijua hata neno. Jioni moja nikafungua lile daftari, nikaona mstari mfupi, na ndani yake jina langu, Mapendo, limepigiwa mistari miwili chini. Nikauchana ule ukurasa, nikaukunja mara nyingi, nikauingiza ndani ya kiatu changu cha shule. Sikuthubutu kumwomba mtu anisomee. Siku kumi na moja niliukanyaga kwenda shule na kurudi, na spaza ile sikuipita tena. Nilizunguka kwa nyuma, mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, ndipo nivuke.

Papa akaanza kwisha. Supu zilimchosha, uji ulinasa kwenye waya, na mkanda wa suruali ukaongezwa tundu moja kwa ncha ya kisu, kisha la pili. Mama akaanza kulia akiwa kazini. Hapo ndipo Popo anapoingia.

Popo alikuwa mama mzazi wa mwenye mkahawa, mzee mfupi mwenye kikoti cha sufu hata wakati wa joto, na jikoni wote walimwita hivyo kwa sababu kwa lugha yao ya Kikantoni ndiyo heshima ya bibi. Mama alipotuambia jina hilo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaogopa, kwani kwetu popo ni mnyama wa kuning'inia miguu juu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mtu hawezi kuitwa hivyo bila sababu. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno kumi, cha Mama labda hamsini, wakaelewana kwa mikono na kwa Kiswahili kidogo alichofundishwa na Mama huku wakimenya vitunguu. Mama alimwonyesha taya, akamwonyesha waya, akashika kiuno chake mwenyewe kuonyesha kilivyopungua. Popo akatazama, akaingia kwenye chumba cha baridi, akatoka na maembe.

Pudini ya mkahawani ilikuwa ngumu kidogo, ya kukatwa kwa kijiko. Ile aliyompikia Papa aliilegeza: embe, sukari, maziwa ya kopo, na unga wa jeli kiasi cha kuufanya uji ushikane tu. Mama aliileta kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa kwenye taulo lenye barafu. Papa aliivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akaiingiza pembeni, nyuma ya jino la mwisho, ambako palikuwa na upenyo. Ilishuka. Siku ile ya kwanza alimaliza chupa nzima, na Mama akakaa sakafuni akaegemea kitanda, akafumba macho. Mimi niliyaona hayo kupitia ufa wa mlango, kwa kuwa nilikuwa nimetolewa nje.

Jumamosi ya wiki ya tatu Mama aliondoka saa nne asubuhi.

"Saa nane umpe Papa pudini. Iko kwenye friji. Weka kwenye kigoda, utoke. Umesikia? Utoke."

"Ndiyo, Mama."

Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku wa jana, na joto lilikuwa lile la kabla ya mvua ya radi. Saa nane nilipofungua friji ya korido, kile kilichokuwa ndani ya chupa kilikuwa maji ya njano yenye povu, na harufu yake ilinirudisha nyuma. Nikakimwaga. Mama angerudi saa moja usiku, na Papa tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai tu. Sasa nitasema kweli: sikuhuzunika. Niliona nimefunguliwa mlango. Kama nikimtengenezea mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, akala akashiba, labda akifunguliwa kinywa atanisamehe.

Pale nje palikuwa na mama muuza matunda. Aliniuzia embe moja kubwa, lile la nyuzi nyingi, tamu kuliko yote. Nikalimenya, nikaliponda kwa uma, nikamimina maziwa ya kopo, nikayapitisha kwenye chujio la chai. Chujio lilijaa nyuzi, likakataa kupitisha. Nikalisukuma kwa kijiko. Lilikuwa limechanika pembeni kidogo. Niliona, nikaona si kitu. Rangi ilikuwa ileile. Nikaonja, nikasikia utamu, nikabeba bakuli.

Mvua ilianza kupiga bati nilipoingia. Papa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Akatazama ndani ya bakuli, akatazama mikono yangu iliyojaa njano mpaka kwenye viwiko, akanitazama usoni. Nilidhani atakataa. Akapokea, akaugeukia ukuta.

Nilipaswa kutoka. Nilisimama mlangoni.

Nikaona mgongo wake. Bomba la kwanza lilishuka. La pili. La tatu, mabega yakapanda juu, yakabaki huko juu. Kikaja kikohozi kisicho na mahali pa kutokea, sauti ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo na sitaki kuisikia, kama mtu anayegonga ndani ya sanduku. Bakuli likaanguka. Akageuka, uso umebadilika rangi, mate na embe vinatoka kwenye meno kwa nguvu, na nyuma yake vinataka kutoka vingine vingi.

"Papa!"

Nikakimbilia ukuta wa mbao wa Mama Divine, nikaupiga kwa ngumi zote mbili. Mvua ilikuwa imegeuka mawe. Bati lililia mpaka sikusikia hata ngumi zangu mwenyewe. Hakuna aliyeitika. Niliporudi, Papa alikuwa amepiga magoti, ameinama mbele kama walivyomwambia, mkono mmoja sakafuni, mwingine unapapasa hewa kutafuta msumari.

Nikautoa mkasi. Akaushika, akaupeleka mdomoni, ukateleza kwenye mate, ukaanguka. Mikono yake, ile iliyonibeba kutoka kanisani nikiwa nimelala, ilikuwa inatetemeka kama ya mlevi. Nikauokota. Akanitazama. Yale macho hayakugeukia popote. Akavuta shavu lake la kulia kwa kidole, akalifungua kabisa, akaniletea uso.

Mbili upande huu.

Waya ulikuwa mwembamba, lakini mkasi ulitaka nguvu ya mtu mzima. Nilishika kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikabana. Ukakatika kwa kishindo kidogo nilichokihisi kwenye mifupa ya vidole. Wa pili ulinichoma kidole gumba. Akageuza uso. Nilikuwa nalia, ninasema maneno ambayo siyakumbuki. Mama Divine baadaye alisema nilikuwa nasali, lakini Mama Divine hakuwepo. Wa tatu. Wa nne nilikosa, nikakata mdomo, damu ikatoka, nikarudia.

Taya likafunguka. Vyote vikatoka sakafuni, na baada yake ikaingia pumzi, ndefu, yenye mlio, kama ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya ziwa. Akabaki ameinama hivyo, anavuta hewa na kuvuta. Kwenye ute ule wa njano niliona nyuzi za embe, ndefu, zimesokotana kama nywele.

Mama Divine alikuja mawe yalipokoma. Alikuta nimekaa nimeushikilia mkasi na Papa amenishikilia mimi. "Yesu wangu," akasema, akatoka mbio kutafuta gari.

Hospitali tuliketi kwenye korido, Papa kwenye kitanda cha magurudumu, taya limefungwa kitambaa kichwani, akisubiri kufungwa waya upya. Mama alifika akiwa na aproni ya kazi bado kifuani. Hakunigombeza, na hilo liliniogopesha kuliko kofi. Alinitazama, akaona nimelowa, akainama kunivua viatu akamue soksi. Kwenye kiatu cha kulia akakuta karatasi.

Akaikunjua taratibu. Wino ulikuwa umetanuka, lakini ulisomeka.

"Ulikuwa unatembea na hii?"

Nikasema tu, "Najua Papa ameandika ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Basi nikamwaga yote, pale pale, watu wanasikia: spaza, kofia nyekundu, saa kumi na mbili, daraja, ukubwa wa simu. Nilisema mpaka nikakosa pumzi. Mama akainyoosha ile karatasi gotini. Kisha akasoma kwa Kiswahili, akiifuata kwa kidole:

"Mapendo asinione nikikula." Akainua uso. "Ndiyo yote imeandikwa hapa, mwanangu. Hakuna kingine. Papa yako alikuwa na haya. Juu ya mate. Juu ya kulishwa kama mtoto."

Papa alikuwa anasikia. Alinyanyua mkono akaniita kwa vidole viwili, nikasogea mpaka sikio langu likawa karibu na kitambaa. Kwa ile saa moja taya lilikuwa halina waya, na daktari alikuwa amemkataza kulitumia. Alisema bila kusogeza midomo, neno moja moja.

"Mtu mzima akikuuliza, unajibu. Ndivyo tulikufundisha."

"Lakini kama ni yeye, Papa?"

"Sikuona sura." Akapumzika. "Hata kama ni yeye. Tofali lilikuwa mkononi mwake."

Hatukujua kamwe kama ni yeye. Sijui hata leo. Nilimwona tena mara moja, kwenye foleni ya teksi, amebeba mtoto mchanga begani, akanisalimia kwa kichwa kama watu wanavyosalimia watoto wa jirani. Nimeshaligeuza hilo akilini mara nyingi na halijawahi kunipa jibu.

Jumatatu Mama alisema Popo ananitaka. Nilikwenda Cyrildene nikijua kwamba sasa ndiyo hukumu yenyewe, kwa kuwa nililiharibu jina la chakula chake. Popo alinisimamisha kwenye kreti la bia lililopinduliwa mbele ya meza ya bati. Hakutabasamu. Akaniwekea embe lililopondwa na chujio la matundu madogo sana, akanionyesha kwa mgongo wa kijiko namna ya kulizungusha bila kulisukuma. Nilipomaliza, akachovya kidole chake na gumba, akavisugua pamoja, akavipeleka karibu na macho.

"Bado," akasema kwa Kiswahili.

Nikachuja tena. Akasugua tena.

"Bado. Polepole."

Mara ya tatu akanishika mkono, akachovya vidole vyangu mwenyewe, akavisugua. Hapakuwa na uzi hata mmoja. Lilikuwa laini kama maji ya sabuni. Akanitazama usoni muda mrefu, yule mzee niliyekuwa nikiamini huning'inia miguu juu, akakitazama na kidole changu gumba chenye jeraha la waya, akakifuta kwa pindo la kikoti chake. Kisha akasema jambo kwa Kikantoni. Mama hakulielewa, wala mimi. Kijana wa jikoni aliyekuwa akielewa kidogo alituambia: anasema mtoto huyu ana mkono thabiti.

Kwa wiki zilizobaki ni mimi niliyechuja, kila siku baada ya shule, mara tatu. Na Papa alipokula alikula akiwa amenielekea, bomba likitetemeka, mate yakitoka, nami nikiyafuta kwa kitambaa.

Siku waya zilipotolewa kabisa, mdomo wake ulifunguka upana wa kidole kimoja tu. Kazi yake ya Hillbrow ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Hilo aliambiwa kwa simu ya Mama, akasema asante, akaikata. Mama akamwuliza anataka kula nini. Akasema bugali na sombe, yaani ugali wa kwetu na majani ya muhogo. Mama akamwambia hutaweza, daktari amesema vitu laini. Akasema, "Pika tu."

Tuliketi watatu sakafuni, sinia katikati, saa za mchana, mlango wazi. Papa akakata tonge dogo kuliko la mtoto, akalibonyeza likawa bapa, akalichovya, akalipitisha kwenye ule upenyo. Akatafuna. Tulisikia mfupa ukilia karibu na sikio lake. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na chozi upande mmoja, lakini akaendelea kutafuna, na mimi na Mama tukaacha kula ili sauti yetu isimharakishe. Ilichukua muda mrefu sana tonge lile moja. Mama Divine alipita mlangoni na beseni la nguo, akatuona, akasimama.

Papa akameza. Akapumua kwa pua. Akanyoosha mkono kwenye sinia, akakata jingine.